Alvina Fettig Anaongea na Mnara

Nilianza kujaza ndege mafuta katika uwanja wa Sorlie nikiwa bado na nywele nyingi kichwani, na tangu wakati huo sijakutana na mtu anayeongea kama Alvina Fettig. Akishatua na kuzima injini, kabla pangaboi halijasimama, mlango wa kindege chake cha manjano umeshafunguka na maneno yanatoka. Miguu inafuata baadaye. Atakuuliza mama yako anaendeleaje, atajijibu mwenyewe, atakueleza alizeti zake zimekomaa kiasi gani na jirani yake anagombana na nani, na wakati wewe bado unahangaika na kifuniko cha tangi, yeye ameshakutafutia mchumba.

"We Rudy," aliniambia siku moja, "mwanamume mzima unakula supu ya kopo. Mjane wa Harvey Dockter anapika vizuri na jioni hana mtu wa kuongea naye. Nimwambie?"

Nikamwomba asimwambie. Akamwambia.

Ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, ana mikono ya mtu aliyekamua ng'ombe tangu utoto, na huvaa koti la marehemu baba yake mwaka mzima isipokuwa Julai. Analima ngano na alizeti huko juu karibu na mpaka wa Kanada. Kindege anakirusha kama wengine wanavyoendesha baiskeli, bila kukifikiria. Nimemwona akitua kwenye upepo wa ubavuni uliowafanya wenye ndege za bei kubwa wabaki mkahawani wakiagiza kipande cha pili cha pai.

Lakini mpe Alvina huyohuyo kipaza sauti cha redio, umwambie aongee na mnara, anakauka. Mdomo unafunguka, halafu hakuna kinachotoka.

Anayekaribia Sorlie ni lazima aite mnara kwanza. Aseme yeye ni nani, yuko wapi, anataka nini. Kisha anyamaze asubiri. Akipewa maelekezo, ayarudie kwa mdomo wake, ili mwongoza ndege aliye kule juu kwenye vioo ajue yamefika kama yalivyotumwa. Basi, ndiyo kazi yote. Wanafunzi wa urubani wanaishika baada ya siku chache, wengine kwa kutetemeka, lakini wanaishika. Alvina alikaa karibu maisha yake yote ya kuruka bila kuishika.

Sababu yake ni mkahawa. Pale uwanjani, juu ya kaunta, kando ya mashine ya kahawa, kuna redio inayonasa maongezi yote ya mnara na marubani. Kila asubuhi wazee walioacha kilimo hukaa meza ya dirishani wakiisikiliza, kama watu wa mahali pengine wanavyosikiliza mpira. Wanatoa hukumu. Huyu ametua kama gunia la viazi. Huyu amesahau jina la ndege yake. Hawana ubaya, ila hawana kazi pia.

Alvina alipokuwa msichana anayejifunza, alibonyeza kile kitufe kwa mara ya kwanza na kutoa kila alichokuwa nacho: jina lake, shamba la baba yake, upepo ulivyo, mwalimu wake ni nani, na kwamba alikuwa na njaa kidogo. Mnara ukamwambia akae nje ya uwanja mpaka atakapojua anataka nini. Alipoingia mkahawani baadaye, meza nzima ya dirishani ilisimama ikampigia makofi. Alicheka nao, akala pai yake akamaliza. Hakushika tena kipaza sauti.

Halafu akaolewa na Clement Fettig, jitu kubwa lenye sauti nzito isiyo na haraka, wakagawana kazi. Alvina alirusha, Clement aliongea. Alikaa kiti cha kulia na kipaza sauti mapajani, akasema maneno machache yaliyotakiwa bila kuongeza hata moja, akarudisha mkono mapajani. Kwa miaka mingi mnara uliwajua akina Fettig wawili kwa sauti moja tu, na waongoza ndege wageni walidhani mzee ndiye rubani. Alvina hakuwasahihisha. "Mikono yangu, mdomo wake," alikuwa akisema. "Watu wengine kwenye ndoa hawafiki hata hapo."

Kiharusi kilimpata Clement wakati wa mavuno, juu ya mashine ya kuvunia, jua likiwa bado juu. Akili yake ilibaki salama, lakini mkono na mguu wa kulia ilikufa, na ile sauti ikaondoka. Alvina alimtunza nyumbani mpaka mgongo wake mwenyewe ukagoma. Ndipo akamtafutia nafasi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Sorlie. Aliichagua kwa sababu iko ng'ambo ya uzio wa uwanja wa ndege, na akasimamia mpaka Clement akapewa chumba chenye dirisha linaloangalia njia ya kutulia ndege.

Kutoka shambani kwao kwa gari ni zaidi ya saa mbili, barabara ikiwa wazi. Majira ya baridi haiko wazi. Mwaka ule wa kwanza gari lake lilisererekea mtaroni na kubaki pale hadi dereva wa gari la kusukuma theluji alipoona skafu yake nyekundu ikipepea dirishani. Kwa kindege, safari ni fupi tu. Kwa hiyo Jumatano na Jumapili alikuja kwa ndege, na Clement, tangu chakula cha asubuhi, alikaa dirishani akitazama kaskazini.

Na mnara je? Wakati huo mkuu wa mnara alikuwa Norbert Haugrud, mtu wa zamani, aliyejua kwamba kanuni zina mlango wa nyuma. Kwenye mnara kuna taa kubwa ya mkono, yenye mwanga wa kijani na mwekundu, kwa ajili ya ndege ambayo redio yake imekufa. Alvina alipiga simu ya jikoni kabla ya kuondoka, akasema anakuja bila redio. Norbert alimtazamia. Akiona kindege cha manjano kinajitokeza, alimwelekezea taa ya kijani isiyopepesa, maana yake tua. Alvina alitikisa mabawa, maana yake nimeona, akatua. Miaka yote hiyo hawakuambiana neno hewani. Krismasi Alvina alimpelekea keki nzima ya kuchen, ile ya Wajerumani wa huku, yenye pichi na maziwa mazito juu.

Norbert alipostaafu, akaja Kirsten Aasen.

Kirsten ni mrefu, mtulivu, hacheki ovyo. Aliingia kazini wakati mbaya, kwa sababu shule ya urubani ilikuwa imehamia Sorlie na anga yetu, iliyokuwa tupu kama kanisa siku ya Jumatatu, ilijaa wanafunzi wakizunguka. Alivumilia taa ya Alvina kipindi chote cha kiangazi. Septemba akashuka mnarani, akamkuta Alvina hapo kwangu kwenye pampu.

"Mama Fettig, sina ugomvi na wewe," alisema. "Lakini nikikuelekezea taa, macho yangu yote yako kwako. Nyuma yangu kuna wanafunzi wanne wanazunguka, na hakuna hata mmoja anayejua wewe utageukia wapi."

"Nageukia palepale ninapogeukia siku zote."

"Mimi najua. Wao hawajui. Wakikusikia, watajua."

"Na nisipoweza?"

"Nakupa mpaka mwisho wa Oktoba. Kuanzia hapo, asiyeongea haingii."

Nilikuwa nimeshika mpira wa mafuta, nikingojea Alvina amjibu. Alifunga vifungo vya koti la baba yake, vyote, mpaka cha shingoni, akavuka kwenda kwa mume wake.

Baadaye aliniambia hesabu yake, nayo haikuwa ngumu. Novemba theluji inaanza. Barabara ikifungwa, atamwona Clement lini tena? Masika, theluji ikishayeyuka. Na mtu wa umri ule, katika hali ile, ukisema masika unakuwa umesema mbali sana. Kuuza shamba na kuhamia mjini hakutaka kulizungumzia, na mimi sikumuuliza.

Akaamua kujaribu. Duane Opp, fundi wetu wa ndege, akamfungia redio mpya na spika za masikioni, na kitufe cha kuongelea akakifunga kwenye fimbo ya usukani, pale pale kidole gumba cha Alvina kinapokaa, ili asihangaike kukitafuta. Duane ni mtu wa mizaha, na mizaha ndiyo iliyosaidia. Kila Jumatano, Alvina akitoka kwa mumewe, walikaa karakanani na kufanya mazoezi. Alvina alishika kikombe cha kahawa kama kipaza sauti. Duane alipanda juu ya ngazi, akawa mnara.

"Sorlie mnara, hapa Mbili Nane Kilo," Alvina alikiambia kikombe, akitaja jina la ndege yake. "Niko juu ya maghala ya Brandvold, futi elfu mbili, nataka kutua."

"Mbili Nane Kilo, tua, na uje na kuchen," mnara ulijibu kutoka kwenye ngazi.

"Natua, na kuchen naja nayo. Ila wewe hupati, una tumbo kama la ng'ombe mwenye mimba."

"Hilo la mwisho hukuambiwa urudie, Alvina."

Kwenye kikombe alikuwa hodari kuliko wanafunzi wote wa ile shule. Kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekifikiria ni kwamba kikombe hakina kitufe.

Jumapili ya katikati ya Oktoba akasema yuko tayari. Siku ilikuwa nyeupe na baridi, upepo mwingi. Nilikuwa nimekaa ndani ya lori la mafuta nimefungua redio, na nilipoisikia sauti yake nilipiga usukani kwa furaha.

"Sorlie mnara, hapa Mbili Nane Kilo, niko juu ya maghala ya Brandvold, futi elfu mbili, nataka kutua."

Safi. Hata Clement asingeisema vizuri zaidi. Ila baada ya hapo hakukuja ukimya. Kulikuja mngurumo wa injini na mtu anayehema. Nilimwona Duane akitoka karakanani mikono ikiwa kichwani.

"Hajaachia," akasema. "Ameking'ang'ania kitufe."

Redio hizi ziko hivi: mmoja akishikilia kitufe, mnara hausikiki na wengine hawasikiki, na yeye mwenyewe hasikii kitu. Anaongea na dunia nzima huku akidhani yuko peke yake. Hofu ilikuwa imemkaza Alvina kiganja, na kitufe kilikuwa ndani ya kiganja hicho.

"Hajanijibu," tulimsikia akisema. "Labda ana shughuli. Haya, Clem, tunangoja. Brandvold imepita bega la kushoto. Naona mto sasa. Upepo umehamia kaskazini-magharibi, moshi wa kiwanda cha sukari umelala kabisa, nitaingia pua ikielekea upepo kidogo. Kuna mmoja mweupe mbele yangu, chini, anageuka. Mtoto wa shule. Anapanua mzunguko mno, Clem, angekuwa kwenye ndege yetu ungemfokea."

Aliendelea hivyo, kana kwamba mumewe amekaa kiti cha kulia. Alimweleza Clement urefu wake, mwendo wake, alichokiona kulia na alichokiona kushoto. Alimweleza kuhusu soksi za sufu alizomletea. Alimweleza kuhusu Kirsten, kwamba uso wake ni kama mlango wa ghala uliogandishwa na Januari. Mkahawani, nilivyoambiwa baadaye, meza ya dirishani ilikuwa inalia kwa kicheko, mzee mmoja amejipaka krimu ya pai mpaka kwenye miwani.

Kisha akasema, kwa sauti ndogo sana: "Nimeita, Clem. Nimeita vizuri, si umenisikia? Wamekataa hata kunijibu."

Mkahawani hakuna aliyecheka tena. Mhudumu alinyoosha mkono kutaka kuizima redio, halafu hakuizima.

Juu mnarani Kirsten alikuwa na wanafunzi watatu hewani wasioweza kumsikia. Alichukua ile taa. Alimwonyesha mmoja kijani akatua, akamwonyesha wa pili, na Alvina akamwelekezea nyekundu inayopepesa, maana yake usitue. Hakuwa na njia nyingine, asingeweza kumwingiza katikati yao. Angempa kijani baadaye kidogo, anga ikiwa tupu.

Alvina hakungoja baadaye. Aliiona nyekundu, akatikisa mabawa kama mtu mwenye adabu anayeitikia alichoambiwa, akageuza kwenda kaskazini. Tulimsikia akisema, "Haya. Basi. Haya." Halafu injini peke yake, ikififia, mpaka ikapotea nyuma ya vilima. Ndipo mnara ukaweza tena kuongea, na Kirsten akaanza kumwita kwa jina la ndege yake, tena na tena, lakini alikuwa ameshafika mbali.

Clement alikuwa dirishani. Aliona kindege kikija na akaona kikigeuka. Muuguzi aliniambia kwamba chakula cha mchana kilirudi jikoni kama kilivyotoka, na cha jioni pia.

Wiki hiyo Alvina hakuja Jumatano. Simu haikupokelewa. Duane alipompata hatimaye, akamweleza habari ya kitufe na kwamba wote walimsikia, aliambiwa kwa maneno machache, na maneno machache kutoka kwa Alvina ni jambo la kutisha, kwamba kindege kinauzwa na akitokea mtu wa kukitaka aelekezwe.

Siku iliyofuata Kirsten alikuja kwenye pampu. Hakuwa na ndege ya kuulizia. Alisimama mikono mfukoni akanitazama nikikunja mpira.

"Clem ni nani?" akauliza.

Nikamwonyesha lile dirisha ng'ambo ya uzio. Mimi si mtu wa maneno, hasa mbele ya wanawake na hasa mbele ya wakubwa, lakini siku ile nilimweleza yote: mikono ya huyu na mdomo wa huyu, meza ya mkahawani, mtaro, skafu. Yeye alijua tu kwamba kuna bibi asiyependa redio. Hakuna aliyekuwa amemwambia mengine, kila mmoja wetu alidhani mwenzake amemwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza njia ya kwenda shambani kwao.

Alikwenda Jumamosi, siku yake ya mapumziko, kwa gari. Yaliyozungumzwa kule jikoni Alvina mwenyewe alinisimulia, kwa sauti zote mbili, na zaidi ya mara moja.

Alvina alipomwona mlangoni alidhani ameletewa barua ya kunyang'anywa leseni. Akamkaribisha hivyohivyo, kwa sababu kwa watu wa huku hata anayekuja kukuua anapewa kahawa kwanza.

"Sikuja kukufokea," Kirsten alisema.

"Ungefoka ningekuelewa. Yale niliyosema juu ya uso wako, binti yangu..."

"Niliyasikia. Mama yangu ananiambia hivyohivyo."

Alvina akakaa chini. Kirsten akaendelea, akizungusha kikombe mezani, maana naye si mwongeaji mzuri akiwa hana redio mkononi.

"Mama Fettig, ulikishika kile kitufe tangu Brandvold. Tangu hapo mpaka ulipogeuka, kila wakati nilijua uko wapi, uko juu kiasi gani, upepo unatoka wapi na nani yuko mbele yako. Yule mwanafunzi ulimwona kabla yangu. Nimefanya kazi hii kwenye viwanja vitatu na sijawahi kupewa habari nzuri namna ile na rubani yeyote."

"Sikuwa naongea na wewe. Nilikuwa naongea na Clem."

"Najua. Basi uendelee kuongea naye. Sisi wengine tutasikilizia pembeni. Ila ukimaliza, achia kitufe, kwa sababu wapo na wengine wanaotaka kutua."

Alvina aliniambia hapo alitaka kucheka na badala yake akalia, na Kirsten, asiyejua la kufanya, akala kuchen vipande vitatu mfululizo.

Duane alikihamisha kitufe kutoka kwenye fimbo akakiweka mbele, ili mtu akitaka kuongea anyooshe mkono. Mimi nilipewa kazi ndogo. Ofisini kwetu kulikuwa na redio ya ziada, ya kusikilizia tu, na Kirsten alinitaka niipeleke chumbani kwa Clement, niiweke dirishani, nikae naye Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Nilimwambia sijui nitaongea nini na mtu asiyeweza kujibu. Akasema wawili kama sisi tutaelewana vizuri.

Usiku wa kuamkia Jumapili hiyo theluji ya kwanza ilidondoka, nyembamba, kama unga juu ya meza. Nilimkuta Clement ameshasogezwa dirishani, blanketi magotini. Nikaiwasha redio. Alipoutambua mnara, kichwa chake kikubwa kikageuka taratibu, akaitazama kama mtu aliyekutana njiani na rafiki wa jeshini. Tulisikiliza wanafunzi. Mmoja alisema kulia akimaanisha kushoto, na upande mzima wa mdomo wa Clement, ule unaofanya kazi, ukapanda.

Halafu: "Sorlie mnara, hapa Mbili Nane Kilo."

Kisha kimya. Aliachia kitufe, au aliachia kila kitu, hatukujua. Mkono wa kushoto wa Clement ulikamata ukingo wa kiti. Mnara nao ulinyamaza. Mtu mwingine angemharakisha, angemwambia aseme anachotaka. Kirsten alingoja.

"Clem," ikaja sauti, "niko juu ya Brandvold. Futi elfu mbili. Nataka kutua."

"Mbili Nane Kilo, hapa Sorlie mnara," Kirsten alisema, vilevile anavyomwambia mtu yeyote. "Ingia kwa kushoto. Wewe ni wa pili, fuata ndege nyeupe."

"Kwa kushoto, mimi wa pili, nafuata nyeupe." Kitufe kiliachiwa, kisha kikabonyezwa tena. "Namwona. Bado anapanua mno."

Ikasikika sauti ya kijana, nyembamba: "Samahani, mama."

Clement alitoa mlio kooni. Nilishtuka, nikadhani amekabwa, kumbe anacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu kiharusi. Mkahawani, nimesikia, hakuna aliyetoa hukumu yoyote siku hiyo. Walikunywa kahawa yao wakitazama nje.

Nyeupe ikatua, ikatoka njiani. Kirsten akamwambia Mbili Nane Kilo atue, akamtajia upepo, na Alvina akayarudia yote, neno kwa neno, upepo pia. Tulikuwa tumeshaanza kukiona kwa macho, kidoa cha manjano juu ya weupe wa mashamba, kikija bawa moja limeinama kidogo kwenye upepo.

Hapo Clement akaanza kujigusa kichwa. Nikamuuliza kama kinamuuma. Akatikisa kichwa kukataa. Nikamuuliza kama nimwite muuguzi. Akatikisa kwa hasira, akanielekezea kidole kabati dogo la kando ya kitanda, droo ya juu. Nilitoa miwani; hapana. Nikatoa leso, hapana. Chini ya leso kulikuwa na kichana cheusi, na nilipokishika akashusha mkono, akapumua kama mtu aliyekuwa anaongea na mjinga na mjinga hatimaye ameelewa.

Magurudumu yaligusa, gurudumu moja kwanza, kisha la pili. Nilikilowanisha kichana kwenye bomba. Clement akafumba macho, akaniinamishia kichwa, nami nikamchana, kuanzia mbele kwenda nyuma, nikajitahidi mstari unyooke, na huko nje injini ikazimwa.